Jicho Likiharibika, Nani Analipa?



Mtu akifika dispensari na taabu ya macho, swali la kwanza ni la dawa. Swali la pili linakuja nyuma kidogo, na mara nyingi ni mke wake anayeliuliza, kwa sauti ya chini, akiwa amesimama mlangoni: «Na kama haoni tena, Leta itatusaidia nini?» Swali la dawa tunalijibu kila siku. Leo tujibu hilo la pili, kwa sababu wengi wanalingojea jibu mahali ambapo haliko.

Kuna watu wanaofikiri kwamba Leta iko na mfuko wa vipofu. Mtu akipoteza macho anaenda kuandikwa, halafu kila mwisho wa mwezi anapokea franga zake. Hapa Kongo haiko hivyo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tangu 2019 serikali ikaweka waziri mjumbe wa kushughulikia watu wenye ulemavu, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ilitoka sheria kubwa, namba 22/003, ya kulinda na kukuza haki zao. Hayo ni mambo mazuri, na mtu mwenye ulemavu akikataliwa shule au kazi anaweza kuitaja sheria hiyo bila kuogopa. Lakini malipo ya kila mwezi kwa kila asiyeona, hayo hayapo. Wenye ndugu Kenya wamesikia habari ya Inua Jamii, ambako nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali ikiandikwa inapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kweli, lakini ni ya Kenya. Usikae Mangobo au Lubunga ukingojea pesa ya Nairobi.

Kwetu sisi watumishi, malipo ya mwezi kwa ajili ya macho yanatoka mahali pamoja: CNSS, mfuko wa taifa wa kulinda watumishi. Wazee wetu wanaendelea kuuita INSS, na hawana kosa, kwa maana jina hilo lilidumu tangu 1961, mifuko mitatu ya wakati wa Wabelgiji ilipounganishwa kuwa mmoja: ule wa pensheni, ule wa watu walioumia kazini, na ule wa posho ya watoto. Sheria mpya ilitoka 2016, na 2018 INSS ikageuka CNSS.

Chukua fishi yako ya mshahara uangalie. Kwa kila franga 100 ya mshahara, CNSS inapaswa kupokea 18. Tano zinakatwa kwako wewe, nazo ni za pensheni. Kumi na tatu ni za mwajiri: 5 za pensheni, 6.5 za posho ya watoto, na 1.5 za hatari ya kazi. Hiyo moja na nusu watu hawaioni, kwa sababu haikatwi kwao. Lakini ndiyo inayolipa jicho lililopasuka kazini. Kwa hiyo ukidai, usidai kama mtu anayeomba sadaka.

Sasa shikeni neno moja, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ofisi haianzi kwa kuuliza «unaona kiasi gani?» Inaanza kwa kuuliza «jicho lilipotea kwa njia gani, na nani aliandika siku ile?» Watu wawili wanaweza kuwa na upofu wa namna moja, nyumba zao zikatazamana, mmoja akapokea kila mwezi maisha yake yote na mwingine asipate kitu.

Njia ya kwanza ni ya kazi. Kipande cha chuma kimeruka toka mashine ya kunolea. Jiwe limepasuka chini ya nyundo. Maji ya batri au chokaa imeingia jichoni. Huko hawahesabu umetumika miaka mingapi: hata aliyeanza kazi juzi analindwa. Tena njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini, na ya kurudi, inahesabiwa pamoja na kazi. Ukianguka toka toleka au pikipiki ukienda zamu ya asubuhi, na tawi likakuchoma jicho, hiyo ni ajali ya kazi. Lakini kama ulikata njia kwa shauri lako mwenyewe, ukapita kwanza kunywa chupa mbili kwa rafiki, usiku ukaanguka, haki hiyo imekatika pale ulipogeuza njia. Mama, mwambie baba maneno haya akiwa bado mzima.

Wakati mtu anatunzwa na hawezi kutumika, anapata thuluthi mbili za mshahara wa siku. Kidonda kikifunga, na munganga akiona kwamba hakuna la kuongeza, ndipo anapopima kile kilichobaki na kutoa hesabu kwa mia. Ikiwa chini ya 15 kwa mia, mtu analipwa mara moja tu, basi. Ikifika 15 au zaidi, analipwa kila mwezi. Aliyepoteza uwezo wote wa kazi anahesabiwa 85 kwa mia ya mshahara wake wa wastani. Aliyepoteza sehemu anapata sehemu.

Tufanye mfano. Tuseme mshahara wa wastani ni franga 600,000. Aliyepoteza yote angepata 510,000 kwa mwezi. Aliyepoteza jicho moja, tuseme munganga amemwandikia 30 kwa mia, angepata 30 kwa mia ya zile 510,000, yaani 153,000. Hiyo 30 nimeiweka ya mfano. Katika vitabu vya hesabu vya nchi nyingi jicho moja linakaa karibu na robo mpaka thuluthi, lakini munganga anaangalia pia jicho la pili linaona vipi. Angalieni tena jambo hili: hesabu inafuata mshahara uliotangazwa CNSS. Mtumishi anayefurahi kupewa pesa ya mkononi isiyoandikwa anafurahi leo. Siku ya jicho pesa ile haihesabiwi.

Mtu ambaye hawezi tena kuoga, kula na kutembea pasipo msaidizi, sheria inamtambua kwa nyongeza juu ya malipo yake. Jamaa nyingi hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba iko.

Njia ya pili ni ya ugonjwa, na mlango wake ni mwembamba. Hapa kwetu Tshopo tuna sababu ya kuijua vizuri. Wale inzi wadogo weusi wanaouma kando ya maji yenye kasi, toka mto Tshopo na Lindi mpaka upande wa Banalia, wanaleta mnyoo wa ugonjwa wa upofu wa mto. Mnyoo huo unakula ngozi kwa kuwasha na jicho kwa miaka mingi, polepole. Mtu aliyepofuka hivyo hakupata ajali, na ofisi itamwuliza habari ya pensheni ya ulemavu. Ili aipate lazima awe amelipiwa CNSS kwa muda ambao sheria inautaka, na lazima munganga aseme kwamba amepoteza thuluthi mbili za uwezo wake wa kupata riziki. Jicho moja peke yake kwa kawaida halifiki hapo. Ndiyo sababu tunawasumbua mmeze mectizan kila mwaka wagawaji wakipita. Dawa hiyo ni bure tangu 1987, kiwanda chake kilipoahidi kuitoa kwa ugonjwa huo. Aliyewahi kuona mnyoo ukitembea juu ya jicho lake, yaani loa, amwambie mgawaji kabla ya kumeza.

Mtoto wa jicho ni shauri lingine. Mboni inakuwa nyeupe, mtu anasema «nimepofuka», na jamaa wanaanza kutafuta karatasi za pensheni. Watafute kwanza munganga wa macho. Mtoto wa jicho anatolewa kwa operesheni, na mtu anarudi kuona. Sijui pensheni inayopita macho yenyewe.

Mnauliza munganga anapima namna gani. Anakusimamisha mbali na ubao wa herufi. Shirika la afya la dunia linamwita mtu kipofu akiwa, kwa jicho lake lililo bora, haoni kwa mita 3 kile ambacho mwenye macho mazuri anakiona kwa mita 60. Lakini munganga wa mfuko haishii ubaoni. Anauliza pia unafanya kazi gani. Dereva wa gari kubwa na karani wa stoo wakipoteza kiasi kimoja cha kuona, hawakupoteza riziki kiasi kimoja.

Turudi kwenye siku yenyewe ya ajali, maana hapo malipo yanapatikana au yanapotea. Nimeona mtumishi wa gereji aliyeingiwa na kichuma siku ya kwanza ya juma. Aliona aibu kusimamisha kazi kwa kitu kidogo kama punje ya mchanga. Jioni jirani akamtilia maziwa ya mama. Kesho yake maji ya majani. Siku ya tano jicho lilikuwa jeupe na usaha. Kapita hakuwa na habari, kitabu cha ajali hakikuwa na jina lake, na wale waliokuwa karibu naye wawili walikuwa wamehamia zamu nyingine. Jicho lilipotea. Halafu ikabaki kazi ya kuonyesha kwamba lilipotea kazini wala si nyumbani, na maziwa yale na majani yale yakasimama kama mashahidi juu yake.

Basi mfanye hivi. Kama ni maji makali, batri, chokaa au simenti, osha jicho papo hapo kwa maji mengi safi, dakika 20 bila kupunguza, halafu uje. Usitafute dispensari kwanza. Kama ni kichuma au kibanzi kimechoma, usisugue, usikitoe, funika tu na uje. Usitie kitu, hata kile bibi alichotumia na kikamponya. Jicho lililotobolewa likiachwa linaweza kuvuta na la pili kwenye upofu, majuma au miezi baadaye. Hilo si jambo la kutishia watoto, ndivyo ugonjwa ulivyo.

Na siku ileile mwambie kapita. Jina lako liandikwe kitabuni, saa, mahali, jicho gani, kitu gani kiliingia, na majina ya walioona. «Aliumia jicho» haitoshi. Kutangaza ajali kwa CNSS ni kazi ya mwajiri, lakini mwajiri hawezi kutangaza alichofichwa. Uombe kopi ya karatasi ya munganga ya siku ya kwanza. Kama huwezi kusoma kwa sababu macho yamefungwa, mke au mtoto mkubwa asome kabla ya wewe kutia kidole.

Sasa neno kwa nyumba. Wekeni mahali pamoja, ndani ya mfuko wa plastiki pasipofikiwa na mvua wala panya, kadi ya CNSS ya baba, fishi za mshahara, karatasi ya ndoa ya serikali, na za kuzaliwa kwa watoto. Ndoa ya kanisa peke yake, au ya mahari peke yake, mara nyingi inamsumbua mama mbele ya ofisi. Mtu asiyeona akienda kupokea, aende na mtu wa nyumba yake, tena anayejua kuhesabu. Kuna watu wema sana wanaokaa karibu na madirisha ya malipo, wanashika mkono wa kipofu na kumsaidia kuhesabu, na hesabu ikitoka hapo imepungua. Namba ya kitabu chake aijue kwa kichwa yeye mwenyewe.

Tena kuna wale wenye watoto wa kiume wanaochimba almasi na dhahabu kwa mikono, Bafwasende na kwingine. Hao hawana mwajiri anayewalipia ile moja na nusu. Jiwe likimpiga mtoto huyo jichoni, hakuna ofisi itakayomwuliza karatasi. Miwani ya kazi kwake ni lazima kuliko kwako. Kama umepewa mpya, usitupe ya zamani ikiwa bado nzima.

Jambo la mwisho ni la wote. Siku ulipoandikwa kazi, macho yako yalipimwa na hesabu ikabaki katika karatasi yako ya dispensari. Ukiumia, hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba uliingia kazini ukiona vizuri. Walioanza kazi zamani na hawajapimwa tena waje asubuhi kabla ya zamu, ubao uko ukutani. Mwenye miwani aje nayo. Na mtumishi ambaye hajui namba yake ya CNSS aende na fishi zake mbili za mwisho kwenye ofisi ya watumishi, aiulize, aiandike, na kopi moja ampe mama nyumbani.