Mwanafunzi anayefanya kazi: tumhesabie saa zake

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa vyuoni, wazazi wengi hutujia na suala moja: je, yafaa kijana aliye chuoni afanye kazi saa chache ili ajilipie ada na nauli? Wapo wanaoona kuwa hiyo ni aibu kwa mzazi. Wapo pia wanaotaka kijana asome na wakati huo huo alishe nyumba nzima. Makundi yote mawili yamevuka mpaka.

Kazi yenyewe si aibu. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mtu hali chakula bora kuliko kile alichokichuma kwa mikono yake, akampigia mfano Nabii Daud (A.S.). Basi kijana anayefundisha watoto masomo ya ziada jioni, anayeshona nguo, anayepiga chapa na kutoa fotokopi, au anayekaa kwenye kibanda cha uwakala wa kutuma pesa, hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya wenzake.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, kwamba yeye na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakiishi pembezoni mwa Madina, wakapeana zamu. Siku moja huyu huteremka kwa Mtume (S.A.W.) na kurudi na habari za wahyi na mafunzo ya siku hiyo, na siku ya pili huteremka yule. Kwa hiyo aliyebaki aliweza kushughulikia maisha yake bila ya kukatikiwa na elimu.

Hata hivyo, tusifiche upande wa pili. Ni huyo huyo Umar (R.A.) ambaye, alipokuwa Khalifa, Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alibisha hodi kwake mara tatu, hakupata idhini, akaondoka. Alipoulizwa, alieleza kuwa hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyofundisha. Umar alitaka shahidi, na Abu Said Al-Khudri (R.A.) akashuhudia. Hapo Umar alikiri kuwa biashara ya sokoni ndiyo iliyomshughulisha hata jambo hilo likampita. Ikiwa kazi ilimpitisha elimu mtu wa daraja ya Umar, kijana wetu naye asidhani kuwa yeye haitamgharimu kitu.

Kwa hiyo tumhesabie kijana saa zake. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,200. Tukizigawa kwa wiki 30 za masomo, tunapata saa 40 kila wiki. Wiki nzima ina saa 168. Tukitoa hizo 40, na saa 49 za kulala saba kila usiku, na saa 35 za ibada, chakula, usafi na safari, zinabaki 44. Anayefanya kazi saa 20 anabakiwa na 24 za kupumzika, kuwatazama jamaa na kujiandaa kwa mitihani. Anayefanya kazi saa 40 anabakiwa na nne tu. Huyo ataiba saa kwenye usingizi, au kwenye masomo, au, tunajilinda kwa Allah, kwenye Swala zake.

Ambaye hali yake haimruhusu kuacha kazi ya siku nzima, na asome kwa njia inayolingana na hali hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinasomesha kwa masafa watu wa aina hiyo. Kuchelewa kuhitimu si dhambi.

Aina ya kazi nayo itazamwe. Kumimina pombe hotelini au kuuza mikeka ya kubeti hakuhalaliki kwa kuwa mshahara wake unalipa ada. Kazi nayo isimnyime Ijumaa. Na binti anayetoka kazini usiku, familia ihakikishe kwanza anarudi vipi nyumbani. Waliopeleka watoto ng'ambo wakumbuke kuwa viza ni ahadi: Uingereza, kwa kawaida mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Na Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi.

Tunamalizia na sisi wazazi na matajiri. Wapo vijana Tanzania waliojizuia na mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, basi waliangalie upya jambo hili pamoja na wanazuoni wao. Ama zaka, Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa mwenye uwezo wa kuchuma, lakini kuchuma kutamkatisha na elimu ya sheria, inamfalia kupewa zaka. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameingiza humo elimu nyingine zenye manufaa kwa umma. Imam Abu Hanifa, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa, alimsaidia kwa mali yake mwanafunzi wake fukara, Abu Yusuf, ambaye wazazi walimtaka kazini. Abu Yusuf akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Khalifa Harun Rashid. Je, katika msikiti wetu, ni Abu Yusuf wangapi wanaoacha chuo kwa kukosa nauli?

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya rizki ya halali na elimu yenye manufaa, na azilainishe nyoyo za wenye uwezo. Amin.