Umbali wa Hospitali na Uhai wa Mama



Katika familia zetu nyingi habari za uzazi huachiwa akina bibi, na baba hukaa barazani akingoja kuambiwa amepata mtoto gani. Mwezi huu tunawaomba akina baba nao wasome ukurasa huu, maana fedha za nauli na ruhusa ya kumtoa mama nyumbani mara nyingi viko mikononi mwao.

Mwaka 2007, kuanzia Juni hadi Oktoba, watafiti wa Ifakara na wenzao wa nje walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Kusini: Ruangwa, Nachingwea, Newala, Tandahimba na Lindi Vijijini, ambamo Milola ilikuwamo wakati ule. Walifika karibu kaya 226,000. Matokeo kuhusu vifo vya akina mama yalichapishwa mwaka 2015. Katika kipindi cha 2004 hadi 2007 walihesabu vizazi hai 64,098, na wanawake 456 waliofariki wakiwa wajawazito, wakijifungua au katika siku 42 baada ya hapo. Tukihesabu kwa namna ya kijijini, ni mama mmoja kwa kila watoto 140 hivi.

Watafiti wakapima umbali wa kila nyumba hadi hospitali. Kwa vifo vinavyotokana na uzazi wenyewe, kama kutoka damu au kifafa cha mimba, waliokaa ndani ya kilomita 5 walifariki 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Waliokaa mbali zaidi ya kilomita 35 walifariki 422, yaani karibu mara nne.

Sababu yake inaeleweka. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi hunywea na kuibana mishipa ilikokuwa imeshika kondo la nyuma. Usiponywea, au kipande cha kondo kikibaki ndani, damu humwagika kama maji ya bomba. Mama aliyekuwa mzima kabisa asubuhi anaweza kufa kwa saa mbili tu, na mwenye upungufu wa damu hata mapema zaidi. Sindano ya kuubana mfuko wa uzazi, inayotolewa mara mtoto anapozaliwa, huzuia sehemu kubwa ya hatari hii. Mama wa mbali, ambaye safari yake inaanza baada ya damu kuanza, amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo safari ianze kabla ya uchungu. Mwenye ndugu karibu na hospitali, iwe ni Sokoine pale Lindi mjini au Mtakatifu Walburga ya jimbo letu pale Nyangao, aende kukaa huko wiki za mwisho. Hasa yule aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au aliyekwisha kuzaa mara nyingi.

Lakini utafiti ule ulikuwa na jambo jingine, nalo lilitushangaza hata sisi ambao kila mwaka tunahimiza watu waende hospitali. Vifo vyote vya wajawazito vikijumlishwa pamoja, umbali haukuleta tofauti. Hata miongoni mwa waliokaa ndani ya kilomita 5, ambao 72 kati ya kila 100 walijifungulia hospitalini, vifo vilikuwa 664 kwa vizazi hai 100,000. Kwa nini? Wengine huuawa na maradhi ambayo mimba huyazidisha: Ukimwi, malaria, upungufu wa damu. Haya hayangoji siku ya uchungu. Huanza kushughulikiwa kliniki, tangu miezi mitatu ya kwanza, kwa kupima damu na virusi, kumeza vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria, na kulala ndani ya chandarua. Mama anayeona haya kupimwa aende na mumewe. Tena kufika mlangoni si kutibiwa: hospitali isiyo na damu, dawa wala mhudumu usiku haimwokoi mtu kwa kuwa jirani tu. Tusione haya kuuliza habari hizo katika mikutano ya vijiji.

Akina mama wanaofundisha wasichana wakati wa unyago wangeweza kuongeza somo hili: mjamzito akitoka damu, akiumwa sana kichwa, akiona kiwi, akivimba uso na mikono, akipata homa kali au mtoto akiacha kucheza tumboni, asingoje kesho.

Baada ya kujifungua, mama apumzike walau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mafundisho ya mpango wa uzazi kwa njia ya asili yatawasaidia wanandoa, mradi wote wawili wahudhurie.

Kwa dharura kuna mpango wa usafiri uitwao m-mama, simu namba 115, bila malipo. Iandikeni nyuma ya kadi ya kliniki. Na mapema tafuteni ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu, wajue siku zinakaribia, wasisafiri.