Nafaka za Kulisha Ng'ombe Katika Nyanda za Eldoret

Kila mfugaji wa Uasin Gishu aujua vema mwezi wa Februari. Mvua zilikwisha zamani, majani yamekauka, na ng'ombe aliyejaza ndoo mwezi wa Julai sasa hutoa maziwa machache tu. Mojawapo ya njia za kuzuia hasara hiyo ni kupanda nafaka za nchi za baridi kwa ajili ya mifugo: oti, shayiri, rai, na tritikale, ambayo ni mtoto wa ngano na rai.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ya ubaridi yazifaa nafaka hizo. Lakini si kila mbegu ya Ulaya yafaa huko. Ngano ya majira ya baridi, ipandwayo Ulaya kabla ya theluji, lazima ipate majuma mengi ya baridi kali ndipo itoe masuke. Ikipandwa Eldoret hubaki majani matupu, na mkulima hapati mbegu ya mwaka wa pili. Kwa sababu hiyo wataalamu huchagua namna zisizohitaji baridi kali.

Kazi ya kupata mbegu mpya yataka subira. Mtaalamu hulifungua ua changa kwa koleo ndogo, huondoa sehemu zake za kiume, kisha hulipaka chavua ya mmea mwingine. Mwaka 1875 A. Stephen Wilson wa Uskoti alitoa habari ya kuchanganya ngano na rai, lakini mimea aliyoipata ilikuwa tasa. Hata leo, kuchagua kizazi baada ya kizazi huweza kuchukua miaka 10 au zaidi.

Atafutaye mbegu ya mkate hutazama uzito wa punje. Atafutaye chakula cha ng'ombe hutazama majani mapana, machipukizi mengi, shina laini, na upesi wa kuota tena baada ya kukatwa. Wote wawili wana adui mmoja, yaani kutu. Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu mpya ya shina la ngano, iliyopewa jina la Ug99. Katika Chuo Kikuu cha Eldoret wataalamu walichagua ngano kutoka katika mbegu zilizopigwa mionzi, na mwaka 2014 wakulima walipata Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno, ambazo hustahimili kutu hiyo. Hizo ni ngano za chakula cha watu. Kutu ya oti ni ya namna nyingine, kwa hiyo kinga yake hapana budi itafutwe peke yake.

Mbegu bora pia yataka mkulima mwangalifu. Oti ya kukausha yafaa ikatwe wakati punje ikibonyezwa hutoa maji meupe kama maziwa. Ikingojwa hata ikomae, shina huwa gumu na chakula chake hupungua. Yafaa vilevile kuichanganya na vechi, mmea wa jamii ya kunde, na kuacha kipande kidogo cha shamba kikomae kwa ajili ya mbegu. Aliyekausha majani yake mapema na kuyaweka ghalani hatauogopa Februari. Akiba haiozi.