Linux ni ya bure, lakini kuweka programu kuna gharama

Mfanyabiashara wa ufuta wa Mitole, wilayani Kilwa, anayenunua kompyuta iliyotumika huenda akaikuta ina Linux badala ya Windows. Muuzaji atamwambia kuwa ni ya bure, haidai leseni na haisumbuliwi sana na virusi. Yote hayo ni kweli. Taabu huanza siku anapotaka kuongeza programu.

Kwenye Windows amezoea kubeba faili moja ndani ya flashi, kulibofya na kumaliza. Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux zinazotumika sana, hazikujengwa hivyo. Programu huja kama kifurushi, na kifurushi kimoja hutegemea vingine. Mwenye intaneti haoni tatizo, kwani kompyuta huvifuata vyote yenyewe. Asiye nayo hurudi kutoka Kilwa Masoko na kifurushi kimoja, kisha kioo kikamwambia, tena kwa Kiingereza, kwamba vitatu havipo. Akivifuata hivyo vitatu, navyo vina vyao. Nauli ya safari hizo ni bei ya programu, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

Kero kubwa zaidi ni kifaa cha kunasa intaneti bila waya. Baadhi havifanyi kazi mpaka ipakuliwe programu yake ndogo kutoka kwenye intaneti ileile isiyopatikana! Debian ilipunguza tatizo hili Juni 2023, toleo la 12 lilipotoka na programu hizo ndani ya diski. Vinginevyo, simu ikiunganishwa kwa waya wa USB huweza kuipa kompyuta bando lake.

Lugha ilishashughulikiwa zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kwa daftari la mauzo, LibreOffice inatosha, na mara nyingi huja pamoja na Linux. Anayetegemea Tally afikiri mara mbili, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amtake muuzaji afungue programu zote anazozihitaji na achapishe karatasi moja kwa printa yake. Asiye na bando achukue pia diski za DVD za Debian zenye vifurushi vingi. Kompyuta inaweza kuvisoma humo bila intaneti.