Mimea Ilayo Wadudu (3): Vifuko vya Utrikularia na Maji ya Jabia

Mbu aina ya Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia na mwenye mazoea ya kutaga katika maji ya akiba, aligunduliwa Marsabit mwishoni mwa 2022, na habari zake haziwezi kupuuzwa katika Kisiwa cha Pate, ambako maji ya mvua huhifadhiwa katika jabia. Kati ya mimea iliyoelezwa katika sehemu zilizotangulia, unaomhusu zaidi mbu ni utrikularia, mmea wa maji baridi usio na mizizi, ambao hauwezi kuota penye mikoko ya Mtangawanda kisiwani humo kwa sababu ya chumvi.

Silaha yake ni kifuko cha milimita chache, ambacho, tofauti na dema linalongoja samaki aingie mwenyewe, husukuma maji nje hadi kuta zake zikabonyea. Kiluwiluwi wa mbu akigusa vinyweleo vilivyo mlangoni, mlango hufunguka kwa ndani, kuta hutanuka ghafla, na maji humvuta mdudu ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kisha vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, humyeyusha ili mmea upate naitrojeni na fosforasi ambazo ni haba katika maji yake.

Charles Darwin, pamoja na elimu yake yote, alidhani kwamba wadudu hujipenyeza wenyewe kwa kusukuma mlango kwa vichwa. Aliyetazama kwa subira zaidi alikuwa Mary Treat wa New Jersey, Marekani, mwanamke asiye na cheo cha chuo chochote, ambaye alikaa na hadubini yake akiwaona viluwiluwi wa mbu wakinaswa, wengine kwa mkia. Na Darwin, kwa uungwana ambao wasomi wengi wa leo wameupoteza, alikiri katika kitabu chake cha 1875 kwamba bibi huyo alikuwa amefanikiwa kuliko mtazamaji mwingine yeyote. Mwaka 1989 Peter Taylor wa bustani ya Kew, Uingereza, aliorodhesha spishi 214 za jenasi ya utrikularia, baadhi yake za Afrika Mashariki, zinazoishi katika vinamasi ambavyo watu hufukia kwa pupa wakiviita ardhi bure.

Hata hivyo, mmea huu usitiwe katika maji ya kunywa: jabia ifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, na kinamasi kisifukiwe kabla ya mtaalamu wa mimea kukikagua.