Mgeni Afikapo Swima: Vyakula vya Kando ya Ziwa Vinavyompasa Kuonja

Mtu asafiriye mara ya kwanza kwenda nchi asiyoijua hutazama milima yake, maji yake na nyumba zake, kisha husema ya kuwa ameiona nchi. Sisi twasema bado. Nchi huonwa kwa macho, lakini hujulikana kwa kinywa. Mgeni ambaye hajala pamoja na wenyeji angali njiani.

Hivi karibuni tuliketi barazani kwa mama mmoja mzee wa Swima, katika nchi ya Fizi, pale ambapo njia ya Uvira kwenda Baraka hufuata ukingo wa ziwa Tanganyika. Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini, alikuwa amefika juzi yake kutoka Kigoma. Hakuwa amepata kuiona Swima hata siku moja, maana alizaliwa ng'ambo, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Bibi alimwandalia bugali wa muhogo, sombe na ndagala. Kijana alimega tonge moja, akalirudisha sahanini, akasema kwa sauti ndogo, «Bibi, ugali huu wanuka.»

Mama mzee hakujibu neno. Alichukua kawa, akafunika chakula, akaingia ndani. Nasi tuliobaki pale barazani tuliona haya kana kwamba ni sisi tuliosema.

Msimlaumu kijana upesi. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowafanya watu wengi wa Fizi wavuke ziwa na watoto mgongoni. Safari za meli za kuwarudisha kwa utaratibu kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza mwaka 2005, lakini si wote waliorudi. Watoto waliozaliwa huko walikua kwa unga wa mahindi, maharage na mafuta ya kugawiwa. Je, ulimi utakumbukaje kitu usichopata kukionja? Kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya kila msafiri atakayeteremka Swima, Mboko au Baraka, twaandika habari za vyakula vinne.

BUGALI WA MUHOGO

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16. Toka huko ukasafiri kutoka mkono hata mkono, mpaka leo watu wa kando ya ziwa husema hawajala kama hawajala bugali.

Muhogo mchungu una sumu ndani yake, nao akina mama wamejua tangu zamani jinsi ya kuiondoa. Huumenya, huuloweka majini siku tatu au nne hata ulainike, huutoa nyuzi zake, huuanika juani hata ukauke kabisa, kisha huutwanga na kuuchekecha. Majini ndiko muhogo unakochachuka, na ndiko sumu inakotoka. Basi ile harufu aliyoilalamikia kijana wetu si uchafu wala uvivu wa mpishi. Ni alama ya kazi ya siku nyingi.

Tena jambo hili si dogo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza habari za ugonjwa uitwao konzo, alioukuta katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo. Mtu mzima wa afya, na hasa mwanamke au mtoto, huamka asubuhi miguu imekakamaa, naye hatembei tena kama zamani. Wataalamu waliokuja baadaye walitambua ya kuwa ugonjwa huu huwapata watu walao muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nao hawana samaki, nyama wala maharage ya kusaidia mwili kuishinda sumu. Njaa, vita na haraka ya kuuza sokoni ndivyo vinavyowafanya watu wapunguze siku za kuloweka. Kwa hiyo, msomaji, ukiona mama anangoja siku ya nne huku watoto wanalia njaa, usimwite mkaidi. Analinda miguu ya wanawe.

Bugali hauliwi kwa kutafunwa sana. Nawa mikono, mega tonge dogo, lifinyange, libonyeze kwa kidole gumba lipate shimo, chota mchuzi, umeze.

NDAGALA

Ndagala ni wale samaki wadogo weupe ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa. Huvuliwa usiku, hasa katika siku za giza la mwezi. Zamani wavuvi waliwasha mienge ya kuni na mabua. Zikafuata taa za karabai, na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua. Ndagala huifuata nuru, hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa kutoka chini kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti. Mtu akisimama ufukoni usiku huo, huona taa juu ya maji kana kwamba mji umejengwa ziwani.

Asubuhi samaki huanikwa. Hapa mgeni anunue kwa akili. Ndagala walioanikwa juu ya mchanga hukwaruza meno, lakini walioanikwa juu ya kichanja ni safi, nao hukauka vizuri zaidi kwa sababu upepo huwapita juu na chini. Wakaange kwa mawese, pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili. Huliwa wazima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo hujenga mifupa ya watoto. Tena ndio wenzi wa kweli wa muhogo, maana wanaupa mwili kile ambacho muhogo hauna.

MUKEKE NA KUHE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika meta 1,470. Katika maziwa ya dunia, ni Baikal la Urusi peke yake linalolipita kwa kina. Ndani yake mna mukeke, samaki mwembamba ambaye Watanzania humwita mgebuka. Yeye huwawinda ndagala, na binadamu humwinda yeye. Mukeke mbichi hupasuliwa, hutiwa chumvi, huchomwa polepole juu ya makaa, huliwa na limau na ndizi za kuchoma. Wale wa kusafirishwa mbali hukaushwa kwa moshi.

Kuhe ni mnene na nyama yake ni tamu. Katika jamaa yake kubwa ya samaki, ile ya masato na perege, yeye ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani pote. Dume na jike huwalinda makinda yao pamoja. Mpishi mwema hamfichi kuhe kwa viungo vingi: maji, chumvi, nyanya na kitunguu vyatosha.

Lakini yatupasa kusema na jambo la huzuni. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya ziwa yamezidi joto. Maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vema na ya chini, na rutuba hubaki vilindini. Walikadiria kwamba chakula kimeapo ziwani kimepungua kwa sehemu 20 hivi katika 100, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa sehemu 30. Watu nao huongeza hasara kwa nyavu za matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, vizoavyo mayai na makinda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili ziwa lipumzike. Ni vigumu kumwambia mvuvi akae nyumbani na sufuria tupu. Hata hivyo, mkulima alaye mbegu zake zote atapanda nini?

SOMBE NA MAWESE

Sombe ni majani machanga ya muhogo. Nayo yana sumu, kwa hiyo hutwangwa kinuni hata yawe laini, kisha huchemshwa muda mrefu katika chungu kilicho wazi. Yakiisha kuiva hutiwa mawese na kitunguu, na mwenye uwezo huongeza karanga au ndagala. Anayefanya haraka huharibu sombe, na pengine hulidhuru tumbo la mgeni.

Mawese ni sifa ya Fizi na Baraka. Michikichi imejaa bondeni na vilimani, na mapipa ya mafuta hupelekwa Uvira na Bukavu. Matunda, ambayo watu huyaita ngazi, huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa. Wekundu wa mafuta ni mali yenyewe, maana ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A ilindayo macho ya watoto. Wako wapishi wayachomao mawese hata yageuke meupe. Hao hutupa dawa, wakabaki na mafuta matupu.

MANENO YA TAHADHARI NA YA ADABU

Kwenye mwambao huu kipindupindu hutokea mara kwa mara, kwa sababu watu wengi huteka maji ziwani na mitoni. Chemsha maji ya kunywa. Nawa kwa sabuni, maana mkono ndio kijiko chako. Kula chakula kingali moto. Nazo adabu si nyingi: ngoja mkubwa aanze, usichague minofu yote kabla ya wengine, wabakizie watoto, na shukuru kwa sauti, maana aliyepika yuko jikoni na masikio yake yako wazi.

Sasa turudi barazani. Kesho yake kijana alimfuata bibi yake mtoni bila kuambiwa. Alimwona akiutoa muhogo majini, akichambua nyuzi moja moja, akiinuka na kushika kiuno. Akakichukua kikapu, akakibeba mwenyewe hata nyumbani, akauanika muhogo juani. Wakati wa kuanika alitaka kujua mambo mengi: kwa nini siku nne, kwa nini mto huu na si ule, nani aliyemfundisha. Bibi alimjibu yote, na katika kujibu akamtajia majina ya mama yake na nyanya yake, ambayo kijana hakuwa ameyasikia tangu kuzaliwa.

Siku ya tatu jioni bugali uliletwa tena. Kijana alinawa, akamega, akachovya katika sombe, akameza. Hatukusema kitu. Akamega tena. Mama mzee akamtazama, akasema, «Sasa umefika.»

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu msomaji, ukifika Swima, onja upewacho, tena uliza kilivyopikwa. Nanyi vijana wa shule, msingoje mpaka bibi zenu wawe wameondoka ndipo muulize habari za siku ya nne. Kwenda naye mtoni hakuna gharama yo yote.