Tulivyompiga picha ndege wa Mabamba

Mwezi huu sisi wa Kampala tunawaletea habari za safari ya Mabamba, eneo la mafunjo kando ya Ziwa Viktoria, kama kilomita 50 kutoka mjini.

Tulikuwa tisa, wanne wakiwa watoto, na kamera moja ya kuazima. Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Masaka, tukapinda Mpigi, tukala vumbi la Kasanje mpaka mwaloni.

Kufika pale, mama mmoja wetu akakataa kupanda mtumbwi. "Nendeni nyinyi. Mimi mara ya mwisho nilipanda usiku, Ziwa Albert." Hakuna aliyemcheka. Wengine wetu pia tulivuka maji yale. Mzee mwenye mtumbwi akamwambia taratibu: "Mama, hapa tunakwenda na kurudi." Neno hilo "kurudi" ndilo lililompandisha.

Tuliyemtafuta ni korongo domo-kiatu, ndege wa kijivu mwenye kimo cha zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu. Mzee alituambia kwamba zamani wavuvi walimwona ni mkosi: ukikutana naye, siku hiyo hupati samaki. Kwa hiyo walimuua. Tena naye anakula kamongo, samaki yule yule wanayemtafuta wao. Leo wavuvi wanapata riziki kwa kupeleka wageni kumtazama. Mwaka 2006 Mabamba iliingia katika orodha ya Ramsar, mkataba wa mataifa wa mwaka 1971 wa kulinda maeneo ya namna hii.

Tulisukumwa kwa upondo, kimya, karibu saa nzima. Halafu huyo hapo! Amesimama kama sanamu. Ndivyo anavyowinda: anangoja samaki apande juu kuvuta hewa. Mzee akatuonya: msisimame, msipige kelele, msiwashe taa ya kamera, msimsogelee mpaka akaruka, maana mtamnyima chakula.

Watoto walipiga haraka haraka, picha zikatoka ukungu mtupu. Mama yule akachukua kamera, akaegemeza viwiko magotini, akangoja. Ndege alipogeuza kichwa, akabonyeza mara moja tu. Picha safi kabisa, mpaka jicho linaonekana.

Wakati wa kurudi mzee alisema ndege huyu yuko pia Kongo, Sudan Kusini, Tanzania na Zambia. Mtoto mmoja akauliza, "Kumbe naye ni wa kwetu?" Tukacheka wote.

Ndugu zetu, wengi wetu picha tulizo nazo ni za kuandikishwa: kaa wima, tazama mbele, usicheke. Ile ya ndege tuliipiga wenyewe, na sasa imebandikwa ukutani kwa mama. Akiulizwa na wageni, haanzi na habari za ndege. Anaanza hivi: "Siku hiyo nilipanda mtumbwi, na nikarudi."

Na nyinyi tuandikieni mnayoyaona huko. Tuonane mwezi ujao, Mungu akijalia.